Uzi: Kwa siku unatoka nyumbani mara ngapi, na serikali inajuaje? Tuzungumzie tafiti za kaya za usafiri

Mchambuzi_Uswazi

Wakuu habari za muda huu.

Kuna grafu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, inasema Mmarekani wa 2017 alikuwa anafanya safari 3.37 kwa siku halafu mwaka 2022 zikashuka mpaka 2.28, na chini yake mtu kaandika eti Wamarekani wamekata tamaa ya maisha, hawatoki tena ndani. Watu wanasambaza tu. Mimi hizi data nimezifanyia kazi, ziko wazi mtandaoni yeyote anapakua bure, kwa hiyo ngoja nieleze namba kama hiyo inatoka wapi kabla hatujaanza kuwaombea Wamarekani dua.

Utafiti wenyewe unaitwa National Household Travel Survey, NHTS kwa kifupi, na unasimamiwa na mamlaka yao ya barabara kuu, Federal Highway Administration. Ulianza 1969 kwa jina jingine, ukarudiwa 1977, 1983, 1990 na 1995, kuanzia 2001 ndo ukapewa hili jina la sasa, ukaja 2009, 2017 na 2022. Ukiangalia hiyo miaka utaona haina mpangilio.

Kinachofanyika ni hivi. Kaya inachaguliwa kwa bahati nasibu na inapangiwa siku moja, haichagui yenyewe, inaweza kuwa Jumanne inaweza kuwa Jumapili, na siku hiyo inaanza saa kumi alfajiri mpaka saa kumi alfajiri ya kesho yake kwa sababu huo ndo muda ambao watu wachache sana wako barabarani. Kila mtu wa kaya anataja alipokwenda, alitoka saa ngapi akafika saa ngapi, kwa chombo gani, na nani, kufanya nini. Watoto wadogo wanajibiwa na wakubwa. Siku moja tu! Siku yako moja haisemi chochote kuhusu wewe, labda siku hiyo ulikuwa na homa, ila ukichukua kaya nyingi na siku zimetawanywa mwaka mzima ndo unapata picha ya nchi.

Sasa twende kwenye hizo namba mbili. 2017 walipata kaya 129,696. Nyingi humo zimetokana na majimbo na miji iliyochangia hela ili iongezewe sampuli kwao. Mwaka 2022 waliomaliza ni kaya 7,893. Marekani ina kaya zaidi ya milioni 125, kwa hiyo piga hesabu, kila kaya iliyojibu 2022 kwa wastani inasimama badala ya kaya zaidi ya elfu 15. Njia ya kuwafikia watu na kuwauliza nayo haikuwa ile ile. Corona na kazi za kufanyia nyumbani zipo kweli, sizikatai, na watu kuagiza vitu mtandaoni kupo, safari zimepungua kweli. Ninachokataa ni mtu kuchukua pengo lote kati ya 3.37 na 2.28 akaliita tabia ya watu, wakati sehemu ya pengo hilo ni dodoso lenyewe.

Na siyo mara ya kwanza. Kabla ya 1995 walikuwa wanampigia mtu au kumfuata wanamuuliza jana ulienda wapi, anakumbuka anachokumbuka. 1995 wakaanza kumtumia shajara mapema, anatembea nayo anaandika. Wastani wa safari ukaruka kutoka kama 3.1 mwaka 1990 mpaka 4.30. Mnadhani Wamarekani walichangamka ghafla ndani ya miaka mitano? Ilibidi wachambuzi wairekebishe ile ya 1990, wakaipandisha mpaka 3.76, ndo iweze kulinganishwa. Mwaka 2001 wakaongeza vikumbusho vya kuuliza kama mtu alitembea kwa miguu au alipanda baiskeli, basi safari za miguu zikapanda. Miguu ilikuwepo siku zote, ila hakuna aliyekuwa anaiulizia.

Kijana wa Tandale

Nimeweka kigoda. Kwa hiyo mkuu mimi nikitoka home nikapita gengeni, nikapitia kwa fundi simu, nikaenda kijiweni nikarudi, hizo ni safari ngapi?

Mchambuzi_Uswazi

Nne. Home kwenda gengeni moja, genge kwa fundi mbili, fundi kijiweni tatu, kijiweni home nne. Ndo maana hata dodoso zuri haliulizi "ulifanya safari ngapi", linauliza ulienda wapi, halafu baada ya hapo ukaenda wapi, mpaka ulale. Ukimuuliza mtu idadi ya safari atakwambia moja, "nilitoka kidogo".

Ila kupanda daladala mbili kufika Posta ni safari moja, kubadilisha gari hakuhesabiwi kama umefika mahali.

Mbongo wa Ohio

Aisee hii kitu iliwahi kunifikia, nilikuwa sijui jina lake ila kwa maelezo yako ndo yenyewe, ile ya 2017. Bahasha imekuja na dola 2 cash ndani. Nikajua matapeli hawa, nani anatuma hela kwenye posta. Binamu yangu ndo akasema jaza bwana, ukimaliza wanaongeza. Kweli kaya ikimaliza yote walikuwa wanatoa dola 20.

Kilichonishangaza ni lile swali la kwanza, saa kumi alfajiri ulikuwa wapi. Mimi nilikuwa nafanya shifti ya usiku ghalani, saa kumi alfajiri niko kazini nasukuma maboksi. Kwa hiyo siku yangu kwenye utafiti ilianzia kazini, safari ya kwanza ni kurudi nyumbani asubuhi, na ya mwisho ni kwenda kazini usiku. Nikasema hawa jamaa angalau wamefikiria watu wa usiku.

Ila bibi yake mke wangu tuliyekuwa tunaishi naye aligoma kabisa. Akasema andikeni sikutoka. Na alitoka! Alienda kanisani na akazunguka mtaa na yule mbwa wa jirani. Tukaandika hakutoka ili tumalize, maana mwaka ule kaya haikuhesabika imemaliza mpaka kila mtu wa miaka 5 na kuendelea awe amejibiwa.

Mchambuzi_Uswazi

Mbongo wa Ohio umegusa kidonda chenyewe. "Andikeni sikutoka" ni ugonjwa unaojulikana kabisa kwenye hizi tafiti. Mtu hakatai kushiriki, anakubali kwa heshima halafu anasema hakutoka ili maswali yaishe. Mwaka 2007 watafiti watatu, Madre, Axhausen na Brög, walipitia tafiti nyingi za namna hii wakasema siku ya kazi watu wasiotoka kabisa wanatakiwa kuwa kama asilimia 8 hadi 12 hivi, ukiona utafiti unakupa zaidi sana ya hapo, kwanza mchunguze anayeuliza kabla hujawachunguza wanaoulizwa.

Na angalia mantiki yake. Kadiri unavyotoka sana ndivyo dodoso lako linavyokuwa refu. Aliyekwenda sehemu saba anajibu maswali mara saba, aliyelala ndani anamaliza kwa dakika mbili. Kwa hiyo mfumo wenyewe unamzawadia anayedanganya.

Jirani Mtata

Sasa si watumie simu? Minara inajua, Google inajua, hadi kampuni za kubeti zinajua niko wapi. Mambo ya kutumia watu bahasha zenye dola mbili ni ya enzi za mkoloni.

Mchambuzi_Uswazi

Jirani, wanatumia. Huo mpango wa NHTS wa siku hizi unakwenda sambamba na data za mienendo zinazotokana na simu, zinaonesha watu wametoka eneo gani kwenda eneo gani. Na GPS imetusaidia kuwakamata wasahaulifu, maana ukimpa mtu kifaa halafu ukalinganisha na alichoandika unakuta vile vituo vifupi vifupi havimo, kusimama sheli, kupitia duka la dawa.

Lakini simu haijui kwa nini umeenda. Simu imekaa Muhimbili masaa matatu, wewe ni daktari, mgonjwa, umeenda kuona mgonjwa, au unauza maji pale getini? Haijui ulikuwa na nani. Haijui ulishuka kwenye bodaboda au kwenye gari lako kwenye foleni ile ile. Mtoto wa darasa la pili anayevuka barabara kwenda shule hana simu. Bibi anaiacha inachaji dukani kwa mangi. Na mwenye simu mbili ni watu wawili. Simu inakupa wingi, dodoso linakupa sababu, na mpangaji wa mji anazihitaji zote mbili.

Jirani Mtata

Hapo kwa mangi umenikamata.

Umoja3

Niaje wasee. Mimi niko Nai. Hii story yenu ya Amerika ni poa lakini kule kila mtu ana gari, kuhesabu ni rahisi. Huku mtu anatoka kwa nyumba anatembea dakika ishirini hadi steji, anapanda mat hadi tao, halafu anatembea tena hadi Industrial Area juu hana fare ya mat ya pili. Hiyo itaandikwa aje? Matatu ama miguu? Maana huyo mtu ametembea kuliko amekaa kwa gari.

Na hiyo si mtu mmoja, asubuhi simama Jogoo Road uone. Utafiti ule JICA, lile shirika la maendeleo la Japan, walifanya Nairobi 2004 ulipata kutembea ni karibu nusu ya safari zote. Nusu! Halafu angalia pesa ziliendaga wapi miaka hiyo yote iliyofuata, barabara na flyover. Foot path inawekwa mwisho, na ikiwekwa nduthi (bodaboda) zinaichukua.

Hata ile Digital Matatus, watu wa University of Nairobi na MIT na wenzao walizunguka na simu wakachora ramani ya ruti za matatu, ramani safi sana, mimi naipenda. Lakini hiyo inakuambia gari inapita wapi. Haikuambii nani ameshindwa kuipanda.

Mchambuzi_Uswazi

Umoja3 hilo swali ni zito kuliko unavyodhani. Kwa kawaida safari yenye vipande vingi inapewa chombo kimoja kikuu. Uingereza wanachukua kipande kirefu zaidi kwa umbali, siyo kwa muda. Kwa hiyo mtu wako ameshaandikwa matatu, ile miguu yake ya dakika ishirini na ile ya kwenda Industrial Area inabaki chini kwenye jedwali la vipande ambalo mawaziri hawasomi. Mtu aliyetembea saa nzima anaingia kwenye ripoti kama abiria.

Umbali nao una mambo. Zamani NHTS walikuwa wanamuuliza mtu mwenyewe ameenda maili ngapi, mwaka 2017 wakaanza kuupima wenyewe kwa kompyuta kwa njia fupi ya barabara kati ya alikotoka na alikofika. Sasa ukilinganisha maili za 2009 na za 2017 unalinganisha makadirio ya mtu na ramani.

Leicester Mchana

Kwa kuwa Uingereza imetajwa nichangie. Huku wana National Travel Survey, walianza 1965/66, na tangu 1988 inafanyika mfululizo kila mwaka, siku hizi ni England peke yake. Tofauti na Marekani, shajara ni ya wiki nzima, siku saba. Mdadisi anakuja mlangoni, anakuachia kijitabu, wewe na watoto wote mnajaza.

Wiki nzima ni kazi, nyie acheni. Sasa ili kupunguza mzigo, matembezi mafupi chini ya maili moja walikuwa wanayaandikisha siku moja tu, siku ya saba, halafu kwenye hesabu wanayazidisha mara saba. Fikiria siku ya saba mtu ameshachoka na kijitabu, anaandika kweli kwamba ametembea kwenda dukani kununua maziwa? Na kila tembezi asilolisahau linazidishwa kwa saba na kila analolisahau vile vile. Baadaye wakaihamishia siku ya kwanza. Kwa hiyo hata Waingereza na uzoefu wao wote, miguu ndiyo iliyowasumbua.

Mdadisi wa Zamani

Nimekuwa msomaji tu humu ila uzi huu umenitoa pangoni. Mimi nimefanya udadisi wa kaya miaka mingi, matumizi ya kaya, nguvu kazi, sensa nayo, na mara moja kampuni moja ya ushauri ilituchukua kufanya dodoso la usafiri hapa Dar. Nawapa picha ya huku chini.

Unafika na mwenyekiti wa mtaa au mjumbe, mnabisha hodi, anatoka baba. Unajieleza, unaonesha kitambulisho, anakubali. Kishikwambi kinasema ahojiwe kila mtu wa kaya mwenyewe, baba anasema uliza tu mimi najua yote. Haya, jana mama alienda wapi? "Mama hajaenda popote, alikuwa nyumbani." Unaandika. Mama yuko uani anaosha vyombo, anasikia. Anacheka. Anasema mwanangu njoo huku. Kumbe asubuhi amempeleka mdogo chekechea, akarudi, akaenda mashine kusaga, akapitia gengeni, mchana kamfuata mtoto, jioni ameenda kwenye kikoba, na bomba lilikuwa halitoi maji kwa hiyo amekwenda kisimani na kurudi mara kadhaa. Baba yeye ana safari mbili, kazini na kurudi.

Sasa mdadisi mvivu, na tunalipwa kwa kaya siyo kwa saa, anashukuru jibu la baba na kuondoka. Hiyo kaya tayari imeingia kwenye takwimu ikiwa na mama asiyetoka.

Halafu mkumbuke dodoso zetu nyingi za kitaifa hazipimi usafiri wa siku kabisa. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya unauliza umetumia shilingi ngapi kwa nauli, kituo cha afya kiko umbali gani, shule iko wapi. Anayetembea hana nauli, kwa hiyo kwenye safu ya matumizi ya usafiri anasoma sifuri, na msomaji wa ripoti aliyekaa kwenye kiyoyozi anaweza kudhani huyu hasafiri.

Mama Nasra

Mdadisi Mungu akuweke. Mimi ndo huyo mama wa uani 😂 Tena mngeniuliza mimi ningesema hivyo hivyo "sijaenda popote", maana sisi tumezoea kwenda popote ni kuvaa, kujipodoa, kutoka na mkoba. Kisimani na khanga siyo kutoka.

Mchambuzi_Uswazi

Mama Nasra hapo ndipo yule profesa wa Madrid, Inés Sánchez de Madariaga, alipopashika. Kwenye tafiti za usafiri kazi inakuwa na boksi lake moja kubwa, "kwenda kazini". Ila kumpeleka mtoto shule kunaenda boksi la kusindikiza, sokoni boksi la manunuzi, kumpeleka mama mkwe hospitali boksi la afya, kwenda kumuangalia mgonjwa kunaishia kwenye kutembelea watu, kama starehe! Yeye akasema zikusanyeni zote ziitwe safari za kulea na kuhudumia watu. Akafanya hivyo zikawa sehemu kubwa ya safari zote, hazijaachwa mbali na za kazini. Zilikuwepo kwenye data siku zote, zimekatwakatwa tu vipande vidogo kila kimoja kikaonekana hakina maana. Na ratiba ya mabasi inapangwa kwa kufuata boksi kubwa, ndo maana saa mbili asubuhi magari yanajaa tele kwenda mjini na saa nne hakuna la kukupeleka kliniki.

Kijana wa Tandale

Hivi Afrika kuna nchi inayofanya hii kitu yenyewe bila JICA?

Mchambuzi_Uswazi

Afrika Kusini. Stats SA, ofisi yao ya takwimu ya taifa, wamefanya yao 2003, 2013 na 2020, na ripoti zinasomeka. Ile ya 2020 ilionesha watu milioni 17.4 wanaokwenda kwa miguu mpaka wanakokwenda na milioni 10.7 wanaotumia taksi, yaani zile hiace zao. Wao swali lao kubwa siyo foleni, ni hela. Sera yao ya usafiri ya 1996 ilisema mtu asitumie zaidi ya asilimia 10 ya kipato chake kwenda na kurudi kazini, kwa hiyo utafiti unarudi kuwauliza watu je, mnatumia ngapi. Majibu siyo mazuri, kwa sababu ubaguzi uliwasukuma watu weusi kuishi mbali na ajira, na umbali ule haujahama. Mimi hiyo ndo napenda zaidi kuliko ya Wamarekani, maana walijua wanatafuta nini kabla ya kuandika dodoso.

Umoja3

Asilimia kumi 😅 huku wengine mvua ikinyesha tu fare inapanda mara mbili, hiyo ten pasenti inaisha Jumanne.

Jirani Mtata

Wakuu nina dogo yuko chuo mwaka wa mwisho, anataka kufanya utafiti wa namna hii Mbagala, kaya chache tu. Aanzie wapi? Hana hela ya bahasha.

Mchambuzi_Uswazi

Mwambie apunguze maswali. Jana peke yake, siyo wiki. Aanze na "asubuhi uliamkia wapi" halafu "ukatoka hapo ukaenda wapi" mpaka mtu alale. Kila akifika mahali aulize kama alipita kokote njiani hata kwa dakika chache, na aitaje miguu kwa jina, maana isipotajwa haisemwi. Kila kipande cha safari akiandike kivyake na dakika zake, asichague chombo kikuu akiwa mlangoni, hiyo ataamua kwenye kompyuta. Anayesema hakutoka, amuulize kwa upole sababu na mara ya mwisho kutoka ilikuwa lini, anayekwepa huwa anajichanganya hapo. Na agawe siku, asiende wikendi zote eti ndo ana nafasi, atapata nchi isiyofanya kazi.

Mdadisi wa Zamani

Niongeze. Amhoji mama peke yake, baba akiwa hayupo au amekaa barazani. Na asiwaulize watu saa, wengi hawaangalii saa, aulize kwa adhana, kwa kengele ya shule, kwa taarifa ya habari ya saa mbili usiku. "Uliondoka kabla ya adhuhuri au baada?" Hapo mtu anakumbuka mpaka aliyekutana naye njiani. Kama anaweza aende na binti mwenzake wa darasa, milango ya uani inafunguka haraka zaidi. Barua ya chuo aigonge mhuri serikali ya mtaa kwanza, asipofanya hivyo kuna watu watadhani ni wa kodi, wa TRA.